"Mtandao Umekatika": Kauli Moja, Hitilafu Nyingi

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba kauli "mtandao umekatika", isikikayo kila siku katika mitaa kama Langas, Eldoret, hufunika hitilafu zilizo tofauti kabisa, na kwamba mfuniko huo una gharama.

Eldoret ni mahali pafaapo kwa mjadala huu. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka 2004, ilitokana na mahitaji ya kliniki za AMPATH mjini humo, na ikaanza kutumika huko mwaka 2006. Mwaka 2011 Kenya ilieneza DHIS2, mfumo wa kukusanyia takwimu za afya nchini. Mifumo ya namna hii hupelekeana habari kwa njia ya intaneti.

Ichukuliwe mfano wa karani wa zahanati huko Langas anayepeleka hesabu za chanjo kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Kompyuta yake haina budi kupata anwani ya seva, kuifikia, kuthibitisha usalama wake, kujitambulisha, kisha kuwasilisha data katika umbo linalokubalika. Safari yaweza kukwama katika hatua yoyote. Jibu la 400 humaanisha kuwa ombi halikueleweka; 401, utambulisho umekataliwa; 404, kinachotafutwa hakipo; 503, seva imezidiwa au imesimama kwa muda. Aliyepata mojawapo ya majibu haya amejibiwa. Hivyo basi mtandao haukukatika. Matatu ya kwanza hudai marekebisho, wala kurudia ombi lile lile hakusaidii. La nne hudai subira, kisha kujaribu tena.

Hatari kubwa zaidi imo katika kimya. Muda ukipita bila jibu, yawezekana ujumbe haukufika. Yawezekana pia ulifika, ila jibu likapotea njiani. Karani akiutuma upya, mtoto aliyechanjwa mara moja aweza kuhesabiwa mara mbili. Kinga yake ni kuupa kila ujumbe namba yake ya pekee, ili seva iutambue urudipo na isiuandike tena.

Kiswahili hakikosi maneno ya kutenganisha hali hizi: kutofika, kukataliwa, kutoeleweka, kuzidiwa, kutojibiwa. Waandishi wa programu na wafasiri wakiyatumia katika taarifa za hitilafu, karani atajua kama imempasa kusahihisha, kusubiri au kuchunguza. Wakiendelea kuandika "mtandao umekatika", atabonyeza tena, na hesabu ya watoto itaharibika bila mtu kujua.