Imba, omba, umba: sauti ya opera juu ya ngoma za kompyuta

Mwaka jana, katika chumba kidogo cha komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, nilimkosea dada mmoja kwa jina la elimu yangu. Dada huyo huimba soprano katika kwaya, na mwalimu wake amemfundisha kuimba kwa mtindo wa opera. Rafiki yangu mmoja, ambaye hutengeneza muziki kwa kompyuta, alimwomba aweke sauti yake juu ya mdundo wa kielektroniki. Wimbo ulikuwa mfupi: binti anamwomba mama yake msamaha. Neno kuu la kiitikio lilikuwa moja tu, "naomba", nalo liliwekwa kwenye noti ya juu kuliko zote.

Tulipomaliza kurekodi tuliwaita vijana watatu waliokuwa wameketi nje, tukawauliza wamesikia nini. Wa kwanza alisikia "naimba". Wa pili alisikia "naumba". Wa tatu akauliza: "Uyu dada anaimba mu luga gani?" Watu wakacheka. Nami, mwanafunzi wa isimu, nikamwambia mwimbaji mbele ya wote kwamba matamshi yake ya irabu ni mabaya, arudie mpaka neno lisikike. Alirudia zaidi ya mara kumi. Halikusikika. Akachukua kitenge chake, akaaga kwa adabu, na kwa wiki tatu hakurudi.

Katika wiki hizo tatu nilifungua tena madaftari yangu ya fonetiki, nikaona kwamba lile nililomdai halifanywi na koo la binadamu yeyote. Makala haya yanaeleza kwa nini. Vijana wengi wa mji wetu sasa wana kompyuta, na kwaya zetu zimejaa sauti kubwa zilizofundishwa vizuri. Pande hizi mbili zitaendelea kukutana, na afadhali zikutane zikijuana.

Sauti iliyozaliwa kabla ya mikrofoni

Opera ilianza Italia. Ya zamani kuliko zote ambayo muziki wake umetufikia mzima ni Euridice ya Jacopo Peri, iliyochezwa Florence mwaka 1600. Kwa zaidi ya miaka 300 baada ya hapo, waimbaji walisimama mbele ya watu bila chombo chochote cha kukuza sauti. Kumbi zilizidi kuwa kubwa, na okestra nazo zikaongezeka. Mtu mmoja alipaswa kusikika mpaka kiti cha mwisho huku makumi ya ala zikilia mbele yake. Kupiga kelele hakungemsaidia, maana koo lingeharibika kabla ya wiki kwisha.

Mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alieleza siri hiyo katika miaka ya 1970. Sauti hupimwa kwa idadi ya mitetemo katika sekunde moja, yaani hezi. Okestra ina nguvu nyingi karibu na hezi 500. Kadiri unavyopanda juu ya hapo, nguvu zake hupungua. Mwimbaji wa kiume aliyefundishwa hushusha zoloto na kupanua koo, na kijinafasi kilicho juu kidogo ya nyuzi za sauti huwa kama chumba chenye mwangwi wake chenyewe. Matokeo yake ni mrundikano wa nguvu karibu na hezi 3000. Pale okestra ni dhaifu, na pale pale sikio la binadamu ni kali. Mwimbaji hashindani na okestra kwa mabavu. Anapita mahali ambapo okestra haipo, kama mtu anayejua kichochoro cha kukwepa msongamano wa soko.

Soprano, anapofika kwenye noti zake za juu, hutumia njia nyingine. Hufungua taya na kinywa hata mwangwi wa kinywa upande na kukutana na noti yenyewe. Noti hiyo hujaa nguvu bila koo kuteseka. Lakini anayelipa bei ya nguvu hiyo ni irabu.

Irabu inapotelea wapi?

Tunatambua irabu kwa fomanti, yaani maeneo ambayo umbo la kinywa hupazia sauti nguvu. Kwa mwanamke, fomanti ya kwanza ya [i] na ya [u] huwa karibu na hezi 300 hadi 400. Ya [o] karibu na 500. Ya [a] karibu na 800 au zaidi kidogo. Fomanti ya pili ndiyo inayotenganisha [i] na [u]. Sikio husoma maeneo hayo, likajua ni irabu gani.

Sasa fikiria barabara usiku. Taa zikiwa karibu karibu, unaona umbo lote la barabara: kona, mashimo, daraja. Taa zikiwa mbalimbali, unaona vidoa vya mwanga tu, na kona inaweza kujificha kati ya taa na taa. Sauti ya mwanamke anayeongea huwa karibu na hezi 200. "Taa" zake zipo kwenye 200, 400, 600, 800 na kuendelea, kwa hiyo umbo la kinywa linaonekana vizuri. Noti ya wimbo wetu ilikuwa la ya juu, hezi 880. Taa zake zipo kwenye 880, 1760, 2640. Chini ya 880 hakuna kitu chochote. Mahali ambapo fomanti ya kwanza ya [i], ya [o] na ya [u] ingepaswa kuonekana ni giza tupu. Zaidi ya hayo, mwimbaji amekwisha kufungua kinywa ili kupata nguvu, na kinywa kilichofunguka hivyo kina umbo la [a]. Ndiyo maana huko juu irabu zote huelekea kufanana, na msikilizaji hukisia.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia mtegoni. Tunajua tangu mwaka wa kwanza kwamba mkazo wa neno la Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi yeyote mwenye sikio huweka noti ndefu na ya juu kwenye silabi yenye mkazo. Rafiki yangu alifanya hivyo bila kufundishwa na mtu: na-O-mba. Lakini angalia maneno haya: naimba, naomba, naumba. Silabi ya kwanza ni ile ile, ya mwisho ni ile ile. Tofauti yote ya maana imekaa katika silabi moja, ile yenye mkazo, yaani ile tuliyoipeleka mahali ambapo irabu hufa. Binti aliyekuwa akiomba msamaha akageuka kuwa binti anayejisifu kwamba anaimba, au, vibaya zaidi, kwamba anaumba kama Mungu.

Mashine inaongeza nini, inapunguza nini

Kwa upande mmoja, muziki wa kielektroniki unaipokea sauti ya opera vizuri kuliko tunavyodhani. Ngoma kubwa ya kompyuta na besi yake hukaa chini, mara nyingi chini ya hezi 100. Sauti ya opera hukaa juu. Kati yao kuna nafasi kubwa, na mtengenezaji akiwa na busara hataijaza kwa vinanda vingi. Tena noti ya kompyuta hunyooka kama uzi uliovutwa, ilhali noti ya mwimbaji wa opera hutetemeka mara tano hadi saba kwa sekunde. Kusikia kitu kinachotetemeka juu ya kitu kisichotetemeka ni nusu ya utamu wa mchanganyiko huu.

Kwa upande mwingine, mashine huleta wezi wapya wa neno. Mwizi wa kwanza ni mwangwi wa kutengenezwa. Mikrofoni inapokaa karibu na kinywa, sauti hukauka. Ili ipate ukubwa wa kanisa, mtengenezaji huiongezea mwangwi, na mwangwi huo humwagikia konsonanti zinazofuata. Mwizi wa pili ni matoazi ya kompyuta, yale yanayolia "tsi-tsi-tsi" bila kuchoka. Nguvu zake zipo juu sana, mahali pale pale ambapo [s], [sh] na [f] hutambulikana. Mwizi wa tatu ni saa ya mashine. Mwimbaji wa opera amezoea kungojewa: akitaka kuvuta silabi, kiongozi wa okestra humtazama na kumsubiri. Kompyuta haimtazami mtu. Mwimbaji akichelewa, hukatiza konsonanti ili awahi pigo.

Mifano miwili

Klaus Nomi alizaliwa Ujerumani mwaka 1944 na kufia New York mwaka 1983. Alipokuwa Berlin alifanya kazi ya kuwaongoza watazamaji kwenye viti vyao katika nyumba ya opera, huku yeye mwenyewe akitamani jukwaa. Katika albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1981, aliimba The Cold Song, kipande kutoka King Arthur, kazi ya Henry Purcell ya mwaka 1691. Purcell alikitunga kwa sauti nzito ya kiume: ni roho wa baridi aliyeamshwa kutoka chini ya theluji, anayeomba aachwe agande tena. Nomi alikipandisha kwenye sauti nyembamba, akaweka vinanda vya kielektroniki chini yake. Kwa nini maneno yanasikika? Muziki unakwenda polepole, silabi zinatetemeka moja moja kama meno ya mtu mwenye baridi, na wimbo haufiki kwenye kilele cha soprano. Nomi alichagua kipande ambacho neno lingeweza kuishi.

Mfano wa pili ni filamu ya Luc Besson ya mwaka 1997, Le Cinquième Élément. Humo mwimbaji wa sayari nyingine anaimba kwa sauti ya Inva Mula, soprano wa Albania. Anaanza na sehemu ya Lucia di Lammermoor ya Donizetti, opera iliyochezwa mara ya kwanza Napoli mwaka 1835, na pale maneno ya Kiitaliano yapo. Kisha ngoma zinaingia katika muziki wa Éric Serra, na maneno yanakwisha. Kinachobaki ni silabi tupu zinazoruka juu na chini kwa kasi isiyo ya kawaida. Baadhi ya noti zilirekodiwa pembeni na kuunganishwa kwa mashine. Serra hakujaribu kuliokoa neno. Aliliaga kabla ya kupanda, na hakuna msikilizaji anayelalamika, kwa sababu hakuahidiwa neno.

Kosa letu la Katuba lilikuwa hilo: tuliahidi neno, kisha tukalipeleka mahali lisipoweza kukaa.

Mtoto wa Kolwezi

Jibu nililipata karibu na kwetu. Serge Kakudji, mwimbaji wa sauti ya kaunta-tena, ni mzaliwa wa Kolwezi. Mwaka 2014 aliimba katika Coup fatal, onyesho alilolifanya na Fabrizio Cassol, Rodriguez Vangama, Alain Platel na wanamuziki wa Kinshasa. Nyimbo za akina Handel na Gluck zilikutana na gitaa za umeme, likembe na balafoni. Hizo si ngoma za kompyuta, lakini swali ni lile lile: sauti iliyofundishwa kwa ajili ya ukumbi usio na umeme inafanya nini mbele ya ala zenye vikuza sauti?

Nikirudi kwenye nyimbo za zama za Handel niliona jambo ambalo wazee hao walilijua bila kupima hezi. Kwanza huja rechitativo, uimbaji ulio karibu na maongezi, katika sauti ya kati, ambamo habari yote inaelezwa. Kisha huja wimbo wenyewe, wenye maneno machache yanayorudiwa mara nyingi, na mapambo huongezwa pale sehemu ya kwanza inaporudiwa. Sauti inapopanda, msikilizaji amekwisha kulipokea neno. Halitafuti tena, analishika mwenyewe kichwani. Na muziki wa kielektroniki unajua nini kuliko kurudia?

Tulivyorekebisha

Nilikwenda kwa yule dada, nikamwomba msamaha. Nilimwonyesha kwenye kompyuta mchoro wa sauti yake: mistari mitatu myembamba, na giza chini yake. Aliutazama kwa muda, akasema: "Basi haikukuwa miye." Nikajibu kwamba haikuwa yeye.

Aliporudi tulibadilisha mambo manne. Alisema "naomba" mara mbili karibu na mikrofoni, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mama yake jikoni. Mikrofoni inaruhusu jambo hilo, ambalo ukumbi wa opera usingeliruhusu kamwe. Noti ya juu tuliihamishia kwenye silabi ya mwisho ya "mama", maana [a] ndiyo irabu inayoumia kidogo kuliko zote huko juu. Rafiki yangu aliondoa matoazi katika kiitikio. Mwangwi tuliuanzisha baada ya neno kwisha, usilifunike.

Jioni tuliwaita tena vijana, safari hii wengine ambao hawakuujua wimbo. Hatukuwauliza neno. Tuliwauliza tu wimbo unahusu nini. Mmoja alisema: "Kuna mutu alikosea mama yake."