Makazi ya Muda England: Muda Gani? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia mwaka 1977, Bunge la Uingereza lilipopitisha muswada wa Stephen Ross, mbunge wa chama cha Liberal kutoka kisiwa cha Wight, na halmashauri zikabanwa kisheria kumtafutia makazi asiye na pa kulala. Leo tuingie ndani ya makazi yale yanayoitwa ya muda, kwa kuwa ndimo watoto wengi wanamokulia.

Sheria inayotumika sasa England ni ya mwaka 1996, iliyoongezewa nguvu na ile ya 2017. Kifungu chake cha 188 kina neno dogo lenye uzito mkubwa: huenda. Halmashauri ikiwa na sababu ya kuamini kwamba huenda mtu hana makazi, anastahili msaada, na yumo katika kundi la kipaumbele, ni lazima impe pa kulala huku ikiendelea kuchunguza. Kwanza paa, kisha maswali. Mama aliyetolewa vyombo nje na madalali wa mahakama hatakiwi kuthibitisha kila jambo siku ileile. Ofisa anayemwambia aende akakusanye nyaraka ndipo arudi ameigeuza sheria miguu juu, na mama asiyejua neno lile huondoka na mabegi yake.

Wenye kipaumbele ni wenye watoto, wajawazito, waliopoteza nyumba kwa moto au mafuriko, wanyonge kwa uzee, maradhi au ulemavu, na tangu 2021 waliokosa makazi kwa sababu ya ukatili wa nyumbani. Kijana mzima anayelala kibarazani hayumo. Scotland iliondoa kigezo hicho mwishoni mwa 2012. England inacho hadi leo, na sioni namna ya kukitetea mbele ya mtu anayelala kwenye baridi ya Januari.

Kwa ndugu zetu walioko huko, neno "anastahili" ndilo la kuangalia. Mkimbizi aliyekubaliwa, awe Mkongo, Mrundi au Msomali, anastahili. Aliyekwenda kwa viza ya masomo au ya kazi yenye sharti la kutotegemea fedha za umma hapati msaada huu, ingawa mtoto wake mwenye shida anaweza kusaidiwa chini ya sheria ya watoto ya 1989.

Sasa mahali penyewe. Panaweza kuwa fleti, hosteli, au chumba kimoja cha gesti ambamo baba, mama na watoto hupikia, husomea na kulala. Kanuni ya mwaka 2003 inakataza familia yenye watoto au mjamzito kuwekwa gesti, isipokuwa pamekosekana pengine, na hata hapo isizidi wiki 6. Ni kanuni njema, ila ina tundu: haihesabu hosteli zinazomilikiwa na halmashauri yenyewe. Jiko ni lilelile la kugombania, bafu ni lilelile la foleni, lakini wiki 6 hazihesabiwi. Kuhusu vitanda vya watoto wachanga, ilibidi mwongozo wa serikali urekebishwe mwaka 2024 ili kuzikumbusha halmashauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 anahitaji kitanda chake salama.

Tena makazi hayo yanaweza kuwa mbali. Halmashauri ya Westminster, katikati ya London, iliwahi kumpa mama mgonjwa mwenye watoto 5 nyumba karibu na Milton Keynes, safari ya zaidi ya kilomita 70. Alikataa. Marafiki waliomshikia watoto alipozidiwa walikuwa Westminster. Halmashauri ikasema wajibu wake umekwisha. Aprili 2015 Mahakama ya Juu, hukumu ikisomwa na Lady Hale, ilimpa mama ushindi: haitoshi kusema nyumba za karibu hazipo, halmashauri ieleze ilitafuta wapi na kwa nini ikaenda mbali hivyo.

Hata hivyo, nisingemshauri mtu kufuata njia ya mama yule. Kukataa ni hatari, kwani nyumba ikionekana kufaa, wajibu unakufa. Kwa aliyekwisha kukubaliwa kupewa makazi, njia salama ni kuipokea nyumba, akahamia, na ndani ya siku 21 akaomba kwa maandishi uamuzi upitiwe upya. Sheria inamruhusu kufanya yote mawili.

Linalonisumbua zaidi ni mwisho wake. Sheria imetaja wiki 6 za gesti na siku 21 za kulalamika. Haikutaja popote familia ikae katika makazi ya muda kwa muda gani, na wapo waliopitisha zaidi ya miaka 5. Mwaka 2025 kaya katika makazi hayo zilivuka 130,000, zenye watoto zaidi ya 160,000. Halmashauri nazo zinaumia: mwaka wa fedha 2023/24 zilitumia takriban pauni bilioni 2.3, ilhali fidia ya serikali kuu kwa kodi za makazi hayo imefungwa kwenye asilimia 90 ya viwango vya 2011. Tofauti inatoka katika mfuko uleule ambao ungejenga nyumba za kudumu.

Nyumba hizo zilikuwepo. Juma lijalo tutaanza na sheria ya 1980 iliyowapa wapangaji wa halmashauri haki ya kuzinunua.