Kwa nini wageni wanatembea na watoto wao hadi Mtae wakati basi lipo?

Msikilizaji wa Kifungilo na vijiji vya jirani, kuanzia mwezi wa sita mvua zikikatika huenda umewaona: baba, mama na watoto, mabegi mgongoni, mwongoza watalii mbele. Hawaendi gulioni wala hospitali. Wanatembea tu. Swali ambalo wengi hujiuliza ni hili: mtu mwenye nauli ya ndege anakosaje nauli ya basi?

Jibu ni kwamba kwao kutembea ndiyo likizo yenyewe. Kwa mfano, Ufaransa kuna njia ndefu za miguu zinazokatiza mashambani na vijijini. Tangu 1947 njia hizo zimekuwa zikiwekewa alama ya rangi kwenye miti na mawe, mstari mweupe juu, mwekundu chini. Familia hutembea kijiji hadi kijiji kwa siku kadhaa. Wengine hukodi punda wa kubeba mizigo.

Kwetu njia ni za kwenda shamba, shule na soko, na zinaachana kila kona. Ndiyo maana mgeni anahitaji mtu wa kumwongoza. Safari inayopendwa huanzia Lushoto mjini, hupita msitu wa Magamba wenye mbega, kisha Lukozi na Rangwi, na kuishia Mambo au Mtae, ambako ukisimama ukingoni unaiona nyika ya Mkomazi kule chini. Huchukua siku tatu au nne. Kurudi, wanapanda basi.

Je, sisi tunapata nini? Anayepita kwa basi hulipa nauli, basi. Anayetembea humlipa mwongoza watalii, hulipa ada ya msitu, hununua chakula na hulipia kitanda kila usiku, kama vile kwa masista wa Rangwi. Mwenye watoto huenda polepole, kwa hiyo hulala njiani siku nyingi zaidi. Fedha hiyo inabaki vijijini.

Lakini haitabaki kama njia zitakufa. Mambo matatu yako mikononi mwetu.

Kwanza, tusilime hadi ukingoni mwa njia. Ukingo ukikatwa kwa jembe, mvua ya masika huuangusha, na wa kwanza kuteleza hapo ni mwanao anayewahi shule, siyo mgeni.

Pili, tuwafundishe watoto kusalimia bila kuomba hela. Mtoto akipewa leo, kesho ataacha darasa akasubiri barabarani.

Tatu, ukiuza peasi au mahindi ya kuchoma, mtajie mgeni bei yako halisi. Akijua alidanganywa, atamwambia mwenzake.

Na wewe mzazi, likizo ya Juni, watoto wakiwa nyumbani, waulize kama wamewahi kufika Mtae. Kwa kuingia Magamba, anzia ofisi ya misitu Lushoto upate kibali; ada ya Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni. Wengi wetu tumezipita njia hizi tukiwa na kuni kichwani. Tuzipite safari moja mikono mitupu, tukitazama.