Ufunguo wa Chumba cha Uani

Kuna mama mmoja wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, mwalimu mstaafu, ambaye akifunga safari huanza na dawa, nguo baadaye. Hutandika kanga kitandani, akamwaga vidonge vya presha vya mumewe upande mmoja na vya kwake vya sukari upande wa pili, akavihesabu kwa kidole huku midomo ikimchezacheza. Siku ishirini na moja Dodoma kwa kijana wao mkubwa. Siku kumi Morogoro kwa binti. Siku saba nyingine "za kuchelewa", maana wajukuu hawakosi kulia siku ya kuondoka. Hesabu ikikamilika ndipo hufungua kabati. Kitu cha mwisho kabisa ni ufunguo wa kufuli la chumba, anaoufunga kwenye pindo la kanga kwa mafundo mawili.

Yeye na mumewe huwa Kariakoo kama miezi mitano tu kwa mwaka. Miezi iliyobaki wako njiani au kwa watoto. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii na familia za wazee wilayani Ilala kwa miaka mingi, na wenzi wa namna hii nawaona wakiongezeka. Wamestaafu, nguvu bado wanazo, watoto wametawanyika mikoani, na kukaa barazani mwaka mzima wakisubiri simu hawataki tena. Ninachowaambia wote ni kimoja: zungukeni mtakavyo, lakini chumba chenu msikiache.

Marekani wako wastaafu waliolifikisha jambo hili mbali zaidi. Huuza nyumba, wakanunua gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, wakaishi barabarani mwaka hadi mwaka, wakipitia kwa watoto na kuendelea. Mwaka 1978 ilianzishwa klabu ya wasafiri wa namna hii inayoitwa Escapees, ambayo makao yake yako Livingston, Texas. Moja ya huduma zake kubwa ni kuwapokelea wasafiri hao barua na kuwatumia popote walipo, kwa sababu leseni, bima na kura vyote vinadai anwani. Baadaye likajitokeza hitaji la pili: waliokuwa wanazunguka wakazeeka zaidi, wakaugua, wakashindwa kuendesha. Kikajengwa kituo hapohapo Livingston, waegeshe magari yao na kuhudumiwa. Kwa hiyo hata aliyeuza kila kitu amehitaji mahali pa kupokelea barua na mahali pa kurudi miguu inapochoka.

Kwetu gari la namna hiyo halitasaidia sana. Kituo chetu ni nyumba ya mtoto, na sidhani kama yuko kijana wa Kitanzania atakayekubali majirani wamwone baba yake amelala kwenye gari uani. Mzee akifika hupewa chumba, hata kama watoto watatu watahamishiwa sebuleni. Huo ndio utajiri wetu, na matatizo mengi ninayokutana nayo kazini yanaanzia hapohapo.

Kwanza nieleze kwa nini maisha haya yamewezekana. Zamani pensheni ilimfunga mstaafu karibu na dirisha la malipo. Leo fedha inaingia benki kila mwezi na kuhamia kwenye simu, awe Gongo la Mboto au Geita, na hata ule uhakiki wa kuthibitisha kwamba mstaafu yu hai sasa unaweza kufanyika kwa simu. Tangu mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ilipounganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, mjadala mkubwa umekuwa juu ya ukubwa wa mkupuo, yaani fedha anayolipwa mstaafu mara moja anapoondoka kazini. Kikokotoo cha mafao kilichoanza Julai 2022 kiliweka mkupuo kuwa asilimia 33, na bajeti ya mwaka 2024 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa waliotoka kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa nusu. Wastaafu wengi walilalamika, na walikuwa na sababu. Ila kwa wenzi wanaosafiri, kile kinachobaki kulipwa kila mwezi ndicho nauli yao. Nawashauri waugawe mwaka kwa mafungu ya pensheni: mwezi wa safari ndefu ufuatiwe na miezi miwili ya kutulia.

Kisha ikaja treni. Safari za SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza Julai 25, 2024, kwa nauli ya shilingi 31,000 daraja la kawaida. Stesheni haiko mbali na Kariakoo, bajaji inatosha. Kijana atakuambia habari ya mwendo, kwamba saa nane au tisa za basi zimekuwa chini ya nne. Mimi nikikutana na mzee namwambia habari ya choo.

Jambo hili wazee huwa hawalisemi mbele ya watoto. Baadhi ya dawa za presha zinaongeza mkojo. Kwenye basi la mkoani, mama wa miaka sitini na nane hawezi kumwomba dereva asimame kila baada ya saa moja, na basi likisimama "kuchimba dawa", ni kichakani, pamoja na abiria vijana, na magoti yake hayakunjiki. Kwa hiyo hufanya anachoweza: siku ya safari hamezi kidonge, na hanywi maji tangu jioni ya jana. Anafika Mwanza au Mbeya amekauka, presha imepanda, miguu imevimba kwa kukaa, kichwa kinagonga. Watoto wanadhani ni uchovu wa safari. Kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu kunaweza pia kugandisha damu kwenye mishipa, na mwili usio na maji huongeza hatari hiyo. Kabla ya safari ndefu muulizeni daktari saa ya kumeza kidonge kile. Mara nyingi jibu ni kubadilisha saa, na dawa inaendelea kama kawaida. Kama njia inaruhusu, pandeni treni, kaeni upande wa njia ya kupita, mwinuke kila baada ya muda. Kama ni basi, ivunjeni safari. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, wapo watoto wanaowakatia wazazi tiketi ya usiku ili "wasipoteze siku". Mstaafu hana siku ya kupoteza. Alale Dodoma au Singida, aendelee kesho.

Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiwekwe kwenye buti la basi. Daftari la kliniki lipigwe picha kila ukurasa. Anayetumia insulini aiweke mbali na jua la dirishani. Haya ni madogo, nayapita.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya niandike. Wenzi hawa wanaanza safari wakiwa wawili, na familia inawagawa.

Huanza kwa heri. Binti amejifungua Morogoro, mama anaitwa kwa ajili ya arobaini. Hakuna asiyeelewa: maji ya moto, uji wa pilipili manga, mtoto kukandwa, mzazi kupumzishwa. Baba anabaki Kariakoo, "atajimudu, si siku arobaini tu." Arobaini inaisha, likizo ya uzazi inakwisha, dada wa kazi hajapatikana, na mama anaombwa asubiri kidogo. Kidogo kinakuwa miezi minane. Huku baba anakula kwa mama ntilie mchana, usiku anakunywa chai na mkate, na dawa anameza akikumbuka. Nimewahi kuitwa kumwona mzee mmoja aliyepungua kilo nyingi ndani ya mwaka. Watoto walihofia kansa. Vipimo havikuonyesha ugonjwa huo. Nilipomuuliza usiku anakula nini, alinijibu, "Mwanangu, mtu mmoja hapiki." Mkewe alikuwa Mwanza akilea mapacha. Watoto wote wawili walikuwa na fedha, walituma kila wiki, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefanya kosa ambalo ungeweza kulinyooshea kidole.

Ndoa ya miaka arobaini ina kazi zake ambazo hazionekani mpaka zisimame. Mmoja ndiye anayejua kwamba mwenzake akianza kurudia maneno, sukari imeshuka. Ndiye anayesikia usiku pumzi inapokwama. Ndiye anayemwambia kofia imekaa upande. Mtoto anayemchukua mmoja, hata kwa upendo wote, anamwondolea mwingine muuguzi. Nasema hivi waziwazi mbele ya familia ninazokutana nazo, na si mara zote wananishukuru: mkimwita mama, mwiteni na baba. Nafasi ikiwa haitoshi wote wawili, basi siku zipunguzwe mpaka zitoshe, na tarehe ya kurudi ikatiwe tiketi siku ileile ya kwenda.

Mzee hufika kwa mtoto na heshima zote, lakini si mwenye nyumba, na wala si mgeni ambaye utaratibu wake unajulikana. Ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, haumhusu vizuri, maana yeye jembe huchukua mwenyewe siku ya kwanza. Bibi anaamka alfajiri kufagia, anapanga upya vyombo vya mkwewe, chumvi anaihamisha rafu. Mkwe ananyamaza. Katika nyumba nyingi nilizoingia, ukimya huo huanza kuwa mzito baada ya wiki ya tatu. Hii ni kanuni yangu mwenyewe, haijaandikwa popote: wiki tatu kwa kila mtoto, isipokuwa kuna uzazi au ugonjwa. Zinatosha wajukuu kuzoea, hazitoshi kinyongo kukomaa. Na kwa mtoto ambaye hana kitu, pale Chanika kwenye vyumba viwili vya kupanga, nendeni pia, hata siku mbili, mkabebe na mchele wenu. Mtoto asiyetembelewa huyaweka moyoni.

Juni na Desemba shule zinapofunga, mimi huwashauri wazee wakae kwao, wajukuu ndio wasafiri. Desemba mabasi yanajaa na wanaokwenda Kilimanjaro na kwingineko, tiketi ni za kugombania, na mtu mzima hana haja ya msukosuko ule. Zaidi ya hapo, mjukuu anapaswa kumwona babu akiwa kwake: akisalimiwa shikamoo na muuza kahawa, akicheza bao, akijua kila uchochoro wa kutoka Mkunguni hadi Msimbazi bila kugusa barabara kubwa. Kwa mtoto wake, babu ni mzee wa kupishwa kiti. Akiwa Kariakoo ni mtu.

Ndiyo maana ya chumba. Nyumba ya Kiswahili iliyoijenga Kariakoo ilikuwa imeyapanga haya mapema: vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, baraza mbele, na ua nyuma wenye jiko, choo na mara nyingi banda la vyumba vya ziada. Mwenye nyumba alikaa kimoja akapangisha vingine. Akisafiri miezi mitatu, nyumba haikufa. Wapangaji walifagia, waliwasha taa, walipokea habari za msiba. Wazee wangu wa Mtaa wa Sikukuu wanakaa chumba cha uani, na mpangaji wa mbele ndiye anayewaangalia luku na kuwapigia simu mtu akifariki mtaani.

Nyumba hizo zinakwisha. Mwekezaji anakuja, anajenga ghorofa kwa gharama zake, anakula kodi ya fremu kwa miaka waliyokubaliana, na mwenye kiwanja anapewa sehemu yake. Silaumu, kiwanja cha Kariakoo ni fedha, na familia zina mahitaji. Ila nimeona jinsi mazungumzo hayo yanavyoanza. Huanza wazee wakiwa safarini, kwa swali moja: "Kwani mnakaa lini pale?" Safari zao zinageuzwa kuwa hoja ya kuwaondoa. Wakikubali haraka, wanarudi Dar es Salaam na kukuta hawana pa kufikia isipokuwa kwa mtoto mwingine, na kuanzia siku hiyo kila nyumba wanayolala ni ya mtu.

Wakiamua kujenga, basi mkataba utaje chumba cha kuishi, ghorofa ya chini au ya kwanza, si fremu na fedha peke yake. Utaje watakapokaa ujenzi ukiendelea na nani atalipa pango hilo. Na mama asiambiwe "baba ameshasaini": Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba wanayoishi wenzi iuzwe au iwekwe rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake.

Mwezi uliopita niliwapokea wazee wale stesheni, jioni, wakitoka Dodoma. Baba alikuwa ameshika mfuko wa zabibu, mama hakuacha kulishika pindo la kanga yake. Bajaji ilituacha kwenye kona kwa sababu mikokoteni ilikuwa imefunga mtaa. Mpangaji wa mbele alitoka na kiti, akawapa pole ya safari, kisha kwa sauti ya chini akawatajia jina la jirani aliyezikwa Jumanne. Baba aliketi. Mama alifungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akaingia uani. Tukasikia kufuli likilia, halafu ufagio.