Nyota geugeu milioni 10: kuzipata ni rahisi, kuzipanga ni kazi

Isiolo iko karibu kabisa na ikweta, na ukitoka nje ya taa za mji unapata kitu ambacho London na Cape Town hazina: kaskazini utaiona nyota Delta Cephei, kusini utaziona galaksi mbili ndogo ziitwazo Mawingu ya Magellan. Elimu ya nyota geugeu, yaani zile ambazo mwanga wake hupanda na kushuka, inadaiwa mengi na pande hizo mbili. Mwaka 1784 John Goodricke aligundua kwamba Delta Cephei hufifia na kung'aa tena kila baada ya siku tano na ushei. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt, akichunguza nyota 25 za jamii hiyo katika Wingu Dogo la Magellan, alionyesha kwamba kadiri kipindi cha nyota kinavyorefuka ndivyo mwanga wake halisi unavyozidi. Kwa kulinganisha mwanga huo halisi na ule unaoonekana, wanaastronomia wakapata kipimo cha umbali.

Siku hizi kuzipata si shida. Juni 2022 mradi wa satelaiti ya Gaia ulitoa orodha yenye nyota na vyanzo vingine geugeu zaidi ya milioni 10. Utaratibu wa zamani wa kuzipa herufi, unaoanzia R na kukwama baada ya majina 334 katika kila kundinyota, ulishazidiwa kitambo. Sasa nyingi hutambulishwa kwa namba tu, na sioni hasara.

Aina ndiyo yenye utata. Hakuna wa kukagua grafu za mwanga milioni 10, kwa hiyo kompyuta hufunzwa kwa nyota zinazojulikana, kisha hupima kipindi, umbo la grafu na rangi za zile ngeni. Sasa tuseme nyota mbili zinazungukana zikiwa zimegusana, mzunguko mmoja kwa saa 14. Kila moja hupita mbele ya nyingine, mwanga unapungua mara mbili, na mipunguo hiyo inafanana. Kompyuta inasoma kipindi cha saa 7, na jozi hiyo inaorodheshwa kama nyota moja inayotanuka na kusinyaa, ya jamii ya RR Lyrae. Jamii hiyo nayo hutumika kupimia umbali, kwa hiyo kosa la aina linazaa kosa la ramani. Darubini za ardhini zina mtego mwingine: huona usiku tu, basi huzua vipindi vya uongo vya siku moja. Dawa ni vipimo zaidi, kutoka vituo vilivyo mbalimbali duniani.

Macho ya kawaida bado yana nafasi. Betelgeuse, nyota nyekundu ya kundinyota la Orion, ilififia waziwazi kuanzia mwishoni mwa 2019 hadi Februari 2020. Msomaji wa Isiolo, kati ya Desemba na Machi linganisha mwanga wake na wa nyota Procyon, kisha na wa Aldebaran, ambayo Waborana huihesabu katika kalenda yao. Andika tarehe, saa na makadirio yako ya mwanga, uyatume AAVSO, chama cha Marekani kinachokusanya taarifa za waangalizi wa nyota hizi tangu 1911. Darubini haihitajiki.