Mchezo uliomkubalia mwanao jana huenda sio anaoucheza leo

Ilikuwa Juni 2020, wiki moja hivi baada ya Idd. Skuli zimefungwa kwa sababu ya korona, Mji wa Kale hakuingiki wala hakutokeki, na vijana majumbani kazi yao ni simu tu. Mwanangu, wakati huo ana miaka 16, alinijia na simu mkononi akaniuliza: "Baba, mtu wangu huku kwenye gemu anainamia sanamu ili aongezewe nguvu. Hii si shirki?"

Nilibabaika. Mchezo wenyewe ni PUBG Mobile, ule wa watu 100 wanaoshuka kisiwani kwa parachuti na kupigana hadi abaki mmoja au kikosi kimoja. Kabla ya kumruhusu nilikaa naye, nikatazama, nikasema sawa, bora swala zisipite. Sanamu sikuziona.

Sikuziona kwa sababu hazikuwapo. Hapo ndipo penye jambo ambalo sisi wazazi wengi hatulielewi kuhusu michezo hii ya kupigana risasi, ambayo vijana wetu hucheza na watu wa dunia nzima kwa wakati mmoja.

Zamani ukinunua mchezo, umenunua. Ulivyokuwa siku ya kwanza ndivyo ulivyobaki hadi sidii ikwaruzike. Michezo ya leo ni kama nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba ni kampuni, na kila baada ya wiki kadhaa huingia akavunja ukuta huu, akaongeza chumba kile. Hilo ndilo sasisho, au apdeti kama wanavyoita vijana. Huwezi kulikataa, kwa sababu wachezaji wanaokutana kwenye seva moja lazima wawe na toleo moja. Usipolipakua, mlango umefungwa. Ndiyo maana bando la wiki nzima huisha kwa usiku mmoja.

Masasisho yana sababu zake. Mengine hurekebisha hitilafu. Mengine huwazuia walaghai wanaotumia programu za kuwaonyesha adui nyuma ya ukuta. Mengine hupunguza nguvu za bunduki iliyozidi nyenzake, ili ushindani uwe wa haki. Na mengine ni biashara tupu: PUBG Mobile kuipakua ni bure, kwa hivyo kampuni hula kwa kuuza mavazi na mapambo ya msimu mpya.

Sasisho la Juni 2020 lilileta msitu wenye sanamu za kiajabu. Mchezaji akizisujudia hupata afya, au hutengenezewa fulana yake ya kukinga risasi. Walioibuni huenda waliona ni pambo tu. Lakini Waislamu wa nchi za Ghuba, Kuwait na Saudia zikiwamo, walilalamika kwa sauti kubwa. Haikupita muda, kampuni ikaomba radhi na kukiondoa kitendo kile. Swali la mwanangu lilikuwa limeulizwa katika nyumba nyingi, na lilijibiwa kwa sababu kuna waliolifikisha.

Mfano wa pili unatugusa Wakenya hasa. Mei 2024, Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Huduma hiyo haijafunguliwa rasmi Kenya. Oman imo kwenye orodha, sisi hatumo. Binamu zetu wa Maskat wangeendelea kucheza, na kijana wa Mombasa aliyekwisha kulipia angebaki nje. Wachezaji wa nchi mbalimbali waliandika tathmini mbaya zaidi ya 200,000 kwenye duka la Steam, na ndani ya siku tatu Sony ikarudi nyuma. Hata hivyo, nchi nyingi zisizo na huduma hiyo ziliendelea kwa muda mrefu kukosa kuuziwa mchezo wenyewe. Kelele zilifanya kazi, ila hazikumaliza kila kitu.

Mimi nachukua mambo matatu hapa. Kwanza, ruhusa ya mzazi haidumu milele. Kila sasisho likija, mwambie mwanao akuonyeshe maelezo yake. Huandikwa kwa kifupi kwenye duka la simu: kipi kimeongezwa, kipi kimetolewa. Ni dakika tano.

Pili, ukiona jambo lisilofaa, usiishie kunung'unika barazani. Michezo hii huwa na sehemu ya kutuma maoni, na duka lina sehemu ya tathmini. Andika kwa adabu: nini kimekuudhi, kwa nini, na unataka kifanywe nini. Matusi hayamsaidii mtu.

Tatu, tuwasikilize vijana wenyewe. Wa mtaani kwangu wanataka walaghai wafungiwe, masasisho yasiwe mazito kwa simu za bei nafuu, na seva ziwe karibu ili risasi isichelewe kufika. Ni madai ya haki, na wayapeleke.

Siku ile sikumnyang'anya mwanangu simu. Nilimwambia aache sehemu ile, na nikamshukuru kwa kuuliza. Alikuwa ameona kabla yangu, nami ndiye niliyejidai nimekagua.