ASALI YA KUSINI: UTITIRI UPO, DAWA ISIINGIE MZINGANI

Wafugaji wa nyuki wa Kilwa na pwani ya Lindi wanayo bidhaa inayouzika kwa usafi wake. Usafi huo waweza kupotea kwa haraka ya kumwua mdudu mmoja.

Huko Ufaransa, tangu mwaka 2004 wafugaji wanahangaika na nyigu mkubwa aliyetoka Asia. Mgeni aliyefika Afrika Mashariki ni mdogo zaidi: utitiri wa Varroa, mwekundu wa kahawia, upana usiofika milimita 2. Naye asili yake ni nyuki wa Asia. Kuwepo kwake Kenya na Tanzania kulithibitishwa mwaka 2009. Huzaliana ndani ya majana na kunyonya nyuki wakubwa.

Ulaya na Marekani, kundi lisilotibiwa mara nyingi hufa. Hapa hali ni tofauti. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2010 katika sehemu 24 za Kenya uliukuta utitiri karibu kila mahali, isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini haukuonekana kupunguza ukubwa wa makundi.

Kwa hiyo faida iko katika kupima, si katika kununua dawa. Baadhi ya dawa za utitiri hubaki ndani ya nta, nazo huweza kuingia kwenye asali. Umoja wa Ulaya hupokea asali kutoka nchi zenye mpango wa kupima mabaki ya dawa tu, na Tanzania ilikuwamo katika orodha yake ya mwaka 2011.

Kupima hakuna gharama kubwa. Chukua nyuki wapatao 300, yaani nusu kikombe, bila malkia. Watie katika chupa yenye kifuniko cha wavu, nyunyiza sukari iliyosagwa laini, zungusha, kisha kung'uta juu ya sahani nyeupe. Hesabu utitiri, andika tarehe, rudisha nyuki mzingani. Idadi ikipanda kila mara, mwite afisa nyuki wa wilaya.

Hatari nyingine iko shambani. Mikorosho ikichanua, kuanzia Juni hadi Septemba, hupuliziwa salfa na dawa nyingine. Mizinga iwekwe porini, mbali na mikorosho, na wenye mashamba waombwe kutoa taarifa kabla ya kupuliza.

Mnunuzi akiuliza juu ya dawa, daftari la mfugaji ndilo litakalomjibu.